Mguu Ufike Chini: Kruza kwa Mwendeshaji Mfupi

Ukisimamisha pikipiki ukingoni mwa barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, pale unapopanda kuelekea Kiboswa, mguu wa kushoto ndio utakaokuambia kama ulinunua inayokufaa. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, nasi huendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo lami inashuka kuelekea kushoto, na mara nyingi inaishia kwenye ukingo uliomegeka, kisha murram. Dukani, kwenye sakafu ya saruji, nyayo zote mbili zilifika chini vizuri. Hapa ule wa kushoto unatafuta ardhi na kukuta sentimita tano za hewa, na pikipiki ya kilo 190 imeshaanza kuinama.

Ndiyo maana urefu wa siti ulioandikwa kwenye karatasi ni mwanzo tu wa hesabu. Ni kweli kwamba kruza, yaani pikipiki ya siti ya chini ambayo unaiendesha miguu ikiwa mbele, huwafaa watu wafupi kwa sababu siti yake iko chini. Yamaha V Star 250 ina milimita 685, Honda Rebel 500 ina 690, Kawasaki Vulcan S ina 705, Bajaj Avenger ina 737, na Royal Enfield Meteor 350 ina 765. Pulsar 150, ambayo si kruza, iko 785. Sasa tazama BMW R 18: siti yake pia ni milimita 690, sawasawa na Rebel, lakini ina uzito wa kilo 345. Namba ni ileile, ila moja unaweza kuisukuma peke yako kutoka kwenye kibaraza na nyingine utaita majirani.

Pima mguu, usipime kimo. Watu wawili wa sentimita 157 wanaweza kupishana urefu wa mguu kwa sentimita kadhaa, kwa kuwa mmoja ana kiwiliwili kirefu. Vua viatu, egemeza mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukivute juu mpaka kikukaze kama siti, kisha mtu mwingine aweke alama ukutani penye ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho ndicho utakachoenda nacho dukani.

Halafu beba tepu ya fundi wa nguo, maana kuna jambo ambalo urefu wa siti hausemi: upana. Siti pana hutanua mapaja, na mguu uliotanuliwa hupoteza urefu. Mtu aishikilie pikipiki ikiwa wima. Anzia sakafuni upande wa kushoto pale utakapokanyaga, pandisha tepu hadi sehemu ya siti unayokalia, vuka upande wa pili, shuka hadi sakafuni upande wa kulia. BMW huchapisha kipimo hiki kwenye maelezo ya pikipiki zake. Kampuni nyingi hazijishughulishi nacho, kwa hiyo pima mwenyewe kila pikipiki unayoifikiria. Yenye mzunguko mfupi zaidi ndiyo fupi kwako, hata kama karatasi inasema vingine. Angalia pia kinachojitokeza kando ya injini. Kruza nyingi za injini ya V zina kasha la kichungi cha hewa upande wa kulia, nalo husukuma goti nje na kula sentimita mbili tatu ambazo muuzaji hatazitaja.

Kama mguu wako ni sentimita 70 na umevaa buti lenye soli ya milimita 25, siti ya 690 kwa kawaida utaikanyagia unyayo mzima. Ya 737 utafika kwa nusu ya mbele ya unyayo, na hiyo inatosha kwa pikipiki ya kilo 163 kama Avenger 220. Kwa pikipiki inayopita kilo 200, vidole havitoshi. Hakikisha angalau mguu mmoja unakaa chini mpaka kisigino bila wewe kuning'inia upande mmoja wa siti.

Kabla hujafurahia siti ya chini, inama utazame chini ya injini. Vulcan S ina nafasi ya milimita 130 tu kati ya tumbo lake na ardhi. Avenger ina 169, Meteor ina 170. Kwenye njia ya Nakuru kwenda Kisumu kupitia Kericho kuna matuta karibu kila mji mdogo, na mengine yamejengwa kana kwamba aliyeyajenga alikuwa na ugomvi na magari. Hizo milimita 40 za tofauti ndizo zinazoamua kama eksozi itapita au itakwangua. Kwa maoni yetu, mtu mfupi wa huku anayetaka kruza ya kila siku aanzie kwenye Avenger au nyingine ya aina hiyo, nyepesi na yenye tumbo la juu, kisha aifanyie marekebisho, kuliko kununua iliyo chini kabisa kisha aanze kuhesabu matuta. Injini ya Avenger 220 ni ya ukoo mmoja na ya Pulsar 220, kwa hiyo si ngeni kwa fundi anayezijua Pulsar.

Ukinunua iliyotumika, ilaze pembeni kidogo utazame mikwaruzo chini ya fremu na eksozi. Tazama pia stendi: ikiwa na alama ya kuchomelewa katikati, mwenyewe wa kwanza aliishusha pikipiki. Muulize alishusha nini na kwa kiasi gani, na vifaa vya awali viko wapi.

Baada ya kununua, mpangilio wa marekebisho ni muhimu kuliko marekebisho yenyewe. Wengi huanza na grainda. Anza na yasiyoharibu kitu.

Buti kwanza. Fundi wa viatu anaweza kukuongezea soli ya milimita 15 kwa mpira wa tairi, uleule wa akala. Mwambie agundishe kisha ashone pande zote, kwa sababu gundi pekee huachia ukikanyaga oili kwenye kituo cha mafuta. Soli nene ina gharama yake. Kidole cha mguu hakitaingia tena chini ya kikanyagio cha giya kama awali, na utajikuta unakosa kupandisha giya. Legeza nati mbili za fimbo ya giya (moja huwa ya uzi wa kinyume, usiilazimishe) uizungushe mpaka kikanyagio kiinuke kidogo, kisha ukaze nati zote mbili.

Pili, springi za nyuma. Shokapu za kiwandani huwekwa kwa kukadiria mtu mzito kuliko waendeshaji wengi wafupi, na mara nyingi muuzaji huwa amezikaza zaidi ili pikipiki ibebe abiria. Ukiwa na kilo 52 unakalia springi ambayo haijui kama upo. Pima umbali wima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama ya tepu uliyoibandika kwenye madigadi, gurudumu likiwa limeinuliwa hewani. Kisha kaa juu na nguo zako za safari, mtu apime tena. Tofauti iwe kama robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kwa mwendo wa milimita 90, hiyo ni kati ya 23 na 30. Ikiwa ni 12 tu, tumia spana ya ndoano kulegeza kola ya springi (pete inayoikaza) hatua moja moja, pande zote mbili sawa. Mara nyingi utapata milimita tano hadi kumi hapo, bila kukata chochote na bila kulipa mtu. Ukimbeba abiria, rudisha kola mahali pake, la sivyo shokapu itagonga mwisho kwenye tuta la kwanza.

Usipunguze upepo wa tairi ili ushuke. Unachopata ni tairi linalopata moto na usukani mzito. Wala usiweke tairi lenye ubavu mfupi kuliko la kiwandani. Litabadilisha mwendo wa giya na kipima mwendo kitakudanganya.

Kisha siti, na hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu mfupi. Mafundi wa sofa wa Kibuye, Kisumu, na wale wanaoshona viti vya matatu Nakuru wana mikono mizuri, ila wamezoea kazi ya sofa, na siti ya pikipiki si sofa. Mteja huja na neno moja: "Kata tu, fundi, mimi nataka miguu ifike." Fundi anayejua kazi atajibu, "Dada, panda kwanza nikuone."

Anachotazama akishakuona ni mahali mapaja yanapobanwa. Kwa mtu mfupi, kinachozuia mguu kwa kawaida ni mabega mawili ya siti, kushoto na kulia, pale mbele inapokutana na tangi. Katikati haina hatia. Atachora kwa chaki mstari wa paja kila upande, mteja akiwa amekanyaga chini. Kisha siti inatolewa, pini za stepla zinang'olewa kwa bisibisi bapa moja baada ya nyingine, na ngozi bandia inavuliwa bila kuchanika kwa sababu itakuwa kielelezo cha kukatia mpya. Ukiona sponji tupu ndipo utakapojua una nafasi kiasi gani. Choma sindano ndefu mpaka igonge sahani ya chini, weka kidole penye uso wa sponji, chomoa, pima. Kama katikati kuna milimita 70, unaweza kuondoa 20 hadi 25. Kama kuna 50, ondoa 10 na usiguse zaidi, kwa sababu chini ya 40 kifandugu huanza kuongea na plastiki. Kwenye kruza miguu iko mbele, kwa hiyo uzito wote wa kiwiliwili uko juu ya mfupa huo. Huwezi kusimama kidogo kwenye futresti (vikanyagio vya kuwekea miguu) kila unapokutana na shimo kama anavyofanya mwenye pikipiki ya murram.

Mabega ya siti yakatwe kwa mshazari, milimita 20 hivi kila upande ukianzia mstari wa chaki. Msumeno wa chuma bila fremu hukata sponji vizuri kuliko kisu, na grainda yenye kisahani cha msasa namba 40, ikipitishwa kwa wepesi, humaliza mawimbi. Katikati pia huweza kupunguzwa, lakini uso ubaki sawa au uinuke kidogo kwenda mbele. Kosa linalorudi mara nyingi ni siti inayoteremka kuelekea tangi: kila ukipiga breki unateleza mbele, unajirudisha, unateleza tena, na baada ya kilomita 40 mikono inauma ukadhani tatizo ni usukani.

Kosa jingine ni sponji ya godoro. Ni laini mkononi, fundi anaipenda kwa kuwa ipo, na baada ya wiki chache imelala kabisa. Palipoondolewa sponji ya kiwandani iwekwe ile ya mabaki yaliyobanwa pamoja, yenye rangi mchanganyiko, kisha juu yake tabaka moja la sponji laini la milimita 10. Kabla ya kushona, funika kwa polithini nyepesi halafu ngozi bandia ishikizwe kwa muda kwa pini chache tu. Endesha hivyo hivyo: kama uko Kisumu nenda mpaka Maseno na urudi, kama uko Nakuru nenda Njoro na urudi. Panapouma utapajua, na kurudi kukata milimita tano ni rahisi kuliko kurudisha ulizokwisha kata. Ukiridhika, ishonwe mshono ukiwa pembeni, usipite pale unapokalia, kwa sababu mvua ya alasiri ya Kericho au Kakamega itaingia kwenye matundu ya sindano na utakalia maji siku mbili baada ya jua kutoka. Pini ziwe za milimita 6 au 8. Ndefu zaidi zinaweza kutoboa sahani.

Siti ikishashuka, mikono nayo hubadilika. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, ukiwa umekaa umeegemea nyuma. Mkono wa nje ukinyooka kabisa au kiganja kikiachia mshiko, usiendelee na safari mpaka urekebishe. Hivyo ndivyo watu wafupi huanguka wakigeuza pikipiki sokoni kwa mwendo wa kutembea. Legeza bolti za kibano cha usukani, uzungushe nyuma kidogo tu, ukaze. Kwa bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) nguvu ya kawaida ya kukaza ni 20 hadi 25 Nm, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Usipotosheka, kuna vipande vya kurudisha usukani nyuma na juu kwa milimita 25 hadi 40. Ukiviweka, washa injini ikiwa haina giya na ugeuze usukani pande zote: mlio ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta imevutika na lazima ipitishwe upya au ibadilishwe. Mpira wa breki ya mbele nao usikazike hata kidogo. Acha ulegevu wa milimita 2 hadi 3 kwenye mshiko wa mafuta, na 10 hadi 15 mwishoni mwa mkono wa klachi. Vidole vikiwa vifupi, nunua mikono ya klachi na breki yenye kirekebishi cha umbali. Usiikunje ya kiwandani kwa nyundo, chuma chake huvunjika bila kuonya.

Futresti za mbele sana, zile za kunyoosha miguu kama uko kwenye kochi, hazimfai mtu mfupi. Akitaka kukanyaga breki ya nyuma mpaka mwisho inabidi ateleze mbele na kuacha mwegemeo. Vulcan S ina futresti zinazosogezwa milimita 25 mbele au nyuma kutoka katikati. Mfupi aziweke nyuma. Tahadhari moja: zikiwa nyuma, hukaa palepale mguu unapotaka kushukia, kwa hiyo jizoeze kushusha mguu mbele ya futresti.

Kushusha pikipiki yenyewe ni jambo la mwisho, na kikomo chetu ni milimita 25. Wengi hawajui kwamba ukishusha nyuma kwa 25, siti haishuki 25. Unakalia kama theluthi ya njia kutoka ekseli ya nyuma kwenda ya mbele, kwa hiyo siti inashuka kama 17. Wakati huohuo pembe ya foki (mirija miwili inayoshika gurudumu la mbele) inalala kama digrii moja zaidi na pikipiki inakuwa nzito kugeuka. Ndiyo maana tunashusha mbele pia kidogo, kwa kupandisha mirija ya foki ndani ya vibano vyake milimita 10 hadi 15, mrija mmoja kwa mmoja, pikipiki ikiwa imeegemezwa imara. Kabla ya kukaza, pima nafasi kati ya madigadi ya mbele na kibano cha chini wakati foki haina uzito. Ikiwa mwendo wa foki ni 140, nafasi iliyobaki izidi 140, la sivyo ukianguka kwenye shimo madigadi yatagonga kibano na gurudumu litakwama.

Nyuma nunua shokapu fupi zilizotengenezwa hivyo. Kukata springi ni uharibifu: springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi huku mwendo ukipungua, na tairi litagonga madigadi siku ya kwanza utakapobeba abiria. Kuchomelea sikio jipya kwenye shokapu ya zamani ni hatari zaidi, kwa kuwa ndani kuna oili, na nyingine zina gesi. Baada ya kushusha, pima upya ulegevu wa cheni mtu akiwa amekaa juu, kwenye sehemu inayokazika kuliko zote.

Halafu stendi, ambayo karibu kila mtu huisahau. Pikipiki iliyoshuka husimama karibu wima juu ya stendi ya zamani, na upepo wa lori au mtoto anayegusa usukani huiangusha upande wa kulia, ambako hakuna stendi. Itoe stendi kabisa, usichomelee ikiwa kwenye pikipiki. Kata milimita 10 katikati ya mhimili, si karibu na kisahani cha chini, ingiza kipande cha chuma ndani kama mfupa, shikiza kwa nukta mbili za kuchomelea, ujaribu, ndipo umalize. Ukiwa hapo, ongeza kisahani cha milimita 70 kwa 70 chenye unene wa 5. Udongo mweusi wa Ahero hauna huruma na stendi nyembamba, na lami ya Kisumu saa nane mchana wakati mwingine inakuwa vilevile.

Taa ya mbele imeinuka pia. Digrii ile moja huupandisha mwanga kama sentimita 17 ukiwa mita 10 mbele. Kama hujagusa kitu bado, weka alama ya mwanga ukutani usiku ukiwa umekaa juu, pikipiki ikiwa mita 10 kutoka ukutani. Ukishashusha rudi palepale na uiteremshe taa hadi kwenye alama ileile. Baada ya kilomita 200, pitia tena bolti zote ulizozifungua, ukianza na za vibano vya foki.